Kati ya Kijito cha Pili na cha Tatu

Kituoni, 9 Aprili

Dada yangu,

Nakusalimu wewe na mwanao Kasuku, na mama mkwe wako pia kama bado yupo hapo kwenu. Mimi naendelea kupata nafuu. Homa imekatika tangu wiki iliyopita. Kucha mbili za mguu wa kulia zimekuwa nyeusi, na mganga wa zahanati anasema zitatoka zenyewe, nisizishikeshike.

Nimepewa chumba nyuma ya ofisi. Kina kitanda cha chuma, meza, ndoo, na dirisha linalotazama ukuta wa stoo. Kulikuwa na kingine kikubwa zaidi, lakini dirisha lake linatazama miti, nikasema hiki kinanitosha. Kazi ni ileile niliyokuwa nikiifanya makao makuu: kupokea, kunakili, kufaili. Wenzangu ni wapole. Wakati mwingine nikiingia wananyamaza, nami najifanya nimefuata wino.

Barua hutoka hapa kila baada ya wiki mbili, kwa gari la kubeba mbao, kwa hiyo nikichelewa usidhani nimekusahau. Simu ipo moja, mezani kwa mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo si mtu wa kutoka chumbani mwake.

Dada, nimeandika barua hii mara nne na kila nikiisoma naona inafanana na barua ya ofisi. Pole sana. Nilishindwa kuja mazikoni kwa sababu ya miguu na homa, na naamini walikueleza hivyo. Shemeji alikuwa zaidi ya shemeji kwangu. Aliacha duka lake la kunyoa, akaacha wateja wake, akakubali kunisindikiza njia yote hiyo nije kuripoti kazini, kana kwamba mimi ni mtoto wa shule anayepelekwa bweni.

Mambo yalivyokwenda utakuwa umeyasoma kwenye taarifa waliyokuletea. Basi lilikwama kwa kuwa daraja lilichukuliwa na maji. Tukaamua kukatisha msitu kwa miguu. Siku ya pili shemeji akaanguka, akavunjika mguu. Nikamwacha mahali pazuri, ana maji na biskuti, nikaenda kutafuta msaada. Askari wa misitu walipokwenda hawakumkuta. Alipatikana siku ya tano tangu aanguke, sehemu nyingine. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

Mwambie Kasuku mjomba wake anamtumia penseli mbili, nyekundu na buluu. Zimo kwenye bahasha.

Ni mimi, mdogo wako.


Nyumbani, 2 Mei

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Kasuku kang'oka meno mawili ya mbele lakini mdomo haujapumzika, sasa anasema kwa mluzi. Penseli kazipata. Ameuliza kama baba yake alizikwa na meno yote. Nimemwambia ndiyo, yote. Akaridhika, akaenda kuchora.

Mama mkwe hajaondoka. Tangu mazikoni amekalia kile kiti cha kunyolea, anajitazama kwenye kioo, analia, anajipangusa, anaanza upya. Wateja wanachungulia, wanaona bibi kwenye kiti, wanarudi na nywele zao. Mashine nimezipaka mafuta nikazifunga kwenye kitambaa. Mkasi mkubwa wa mume wangu sijui uko wapi. Nadhani aliondoka nao, maana yule alikuwa haendi hata msalani bila mkasi.

Sasa sikiliza. Hiyo taarifa yenu imewapa watu mdomo. Imeandikwa, nanukuu, "Marehemu alihama mahali alipoachwa." Hayo maneno manne tu, lakini hapa nyumbani yamezaa wajukuu. Kwa nini mtu ahame? Kwa sababu hakuwa na utulivu. Kwa nini hakuwa na utulivu? Muulizeni mkewe. Kaka mkubwa wa marehemu anakuja kila Jumapili, anakaa mlangoni kama mpokea kodi, anasema, "Mtu mwenye amani nyumbani hafi porini." Juzi mama mkwe akaniuliza mbele ya majirani, "Ulimfanyia nini mwanangu hata akaona heri msitu?" Kisa kimeshakamilika: tuligombana, akakimbia, akakusindikiza wewe ili anikimbie mimi, na huko alipoachwa akaona bora aendelee kwenda kuliko kurudi kwangu. Kwa mguu uliovunjika!

Na wanamtaka Kasuku. Wanasema mtoto hawezi kulelewa na mwanamke aliyemfukuza baba yake mpaka kifo. Kikao cha ukoo kitakaa mwishoni mwa Agosti, wajomba na mashangazi wote. Nitasimama pale na nini mkononi? Na taarifa yenu?

Wewe ndiye mtu wa mwisho kumwona. Neno lako moja limenikwama kooni: "tukaamua". Nimeishi na yule mtu miaka tisa. Hakuwahi kuamua kutembea. Sokoni ni hatua mia mbili, naye alikuwa akitafuta mwenye baiskeli wa kumpakia. Nani aliamua? Mlipita wapi? Ulimwacha wapi hasa, na aliwezaje kuhama?

Niandikie mimi, usiiandikie ofisi. Nilikufundisha kusoma na kuandika juu ya mlango wa jiko kwa makaa. Usiniandikie kama hunijui.

Dada yako.


Kituoni, 27 Mei

Dada,

Natumaini barua hii inawakuta salama na kwamba mluzi wa Kasuku umepungua, au umeongezeka, vyovyote apendavyo. Ukucha mmoja umetoka. Hapa mvua haijakatika na mafaili yameanza kuota ukungu. Kila asubuhi nayaanika kwenye baraza, jioni nayaingiza.

Umeniuliza nani aliamua. Ni mimi.

Basi lilikwama siku ya Ijumaa. Dereva alisema tungoje siku mbili, labda tatu. Shemeji hakujali kabisa. Saa hiyohiyo aligeuza dumu la maji kuwa kiti, akavaa koti lake jeupe la kazi, akamnyoa kondakta, kisha abiria watatu, na wa nne alikuwa kwenye foleni. Lakini mimi barua yangu ya uhamisho ilisema niripoti Jumatatu saa mbili asubuhi, na tangu utotoni, Dada, unanijua, siwezi kuchelewa. Jumamosi asubuhi nikamwambia ipo njia ya miguu, inakatisha msitu, mwendo wa saa tatu tu.

"Umejuaje?"

"Imo kwenye rejesta ya njia. Nina nakala."

"Umewahi kuipita?"

"Imehakikiwa, shemeji."

"Na huyo aliyeihakiki alirudi?"

Watu wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi pale akasema njia ile watu wameiacha zamani. Nikamtolea nakala. Niliona aibu baadaye, lakini nilimtolea kweli, nikamwonyesha kwa kidole: inapitika. Akasema, "Mwanangu, mimi sijui kusoma, ila viatu vyako naviona."

Nilikuwa nimevaa vile vyeusi vya kamba, ulivyonisaidia kuvichagua. Tulikuwa na sanduku langu, mwavuli, chupa moja ya maji na pakiti nne za biskuti. Shemeji alijitwika sanduku. Mimi nilishika mfuko wa plastiki wenye vyeti vyangu, nikaunyanyua juu ya kichwa kila tulipofika penye maji, hata yale ya kwenye kifundo cha mguu. Alinicheka sana. "Bwana mdogo, ukizama wewe, vyeti vitaripoti peke yao."

Saa ya kwanza njia ilikuwa nzuri, imefagiliwa, kama ya bustani. Kisha tukafika penye magogo yaliyokatwa, na baada ya magogo njia haikuwepo. Nilisema itakuwa mbele. Ndani ya msitu, Dada, hakuna mbele. Kuna majani, na nyuma ya majani kuna majani. Jua hulioni, unaona tu kwamba kijani cha huku ni kikavu kidogo kuliko kijani cha kule. Siafu waliniingia kwenye soksi. Soli ya kiatu cha kushoto ilifunguka kama mdomo, shemeji akaifunga kwa kamba ya kitambaa chake cha kunyolea, akaniambia nisiiongeleshe. Tulivuka vijito. Sikumbuki vingapi. Tulilala tumeegemea shina la mti, yeye akisimulia habari za vichwa vya watu: nani ana kovu, nani ana uvimbe, nani ana upara na hataki kuambiwa.

Asubuhi ya Jumapili tulikuwa tukishuka mteremko wa udongo mwekundu. Sanduku lilimponyoka. Alilifuata. Mguu ulivunjika chini ya goti. Hakupiga kelele. Alisema, "Nenda, mimi nakusubiri hapa na sanduku, nani ataniiba." Nikamwachia maji, biskuti na mwavuli.

Nilitembea siku nzima na asubuhi yake. Nilifika kituoni Jumatatu mchana. Nilikuwa nimechelewa.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Naomba kwenye kikao uwaeleze kwamba mimi ndiye niliyechagua njia. Hapo hutakuwa umesema uongo.

Mdogo wako anayekuombea heri.


Nyumbani, 1 Julai

Mdogo wangu,

Kasuku mzima. Mama mkwe mzima. Kiti cha kunyolea kimeanza kulia kila akijigeuza. Nilifungua duka wiki mbili, nikajaribu kunyoa mwenyewe, mteja wa kwanza nikamtoa na kichwa kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. Alikuwa mwungwana, akasema ndivyo alivyotaka.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Nilicheka pale pa kiatu, nikajichukia kwa kucheka. Nikasema moyoni, haya, amenipa kitu. Lakini uliandika: "Tulivuka vijito. Sikumbuki vingapi." Wewe? Wewe uliyehesabu vigae vya msalani, ukahesabu nguzo za umeme kutoka nyumbani mpaka shule, ukalia siku walipoongeza moja? Nikaona pana shimo hapo, limefunikwa na majani. Sikulikanyaga. Nikangoja.

Wiki iliyopita kuna mtu alikuja. Mtu mzima, kofia mkononi, viatu amevivua nje kabla sijamwambia. Akasema, "Mama, sikuja kuomba kitu. Nimekuja uuone uso wangu." Ni yule askari wa misitu aliyeongoza msako. Amesimamishwa kazi. Wanasema alitafuta kizembe, ndiyo maana marehemu hakupatikana mapema. Miaka ishirini na mbili kazini, na sasa anangojea wamwite mbele ya kamati mwezi wa tisa.

Nilimpa chai. Hakuinywa mpaka ilipopoa. Akaniambia, "Mama, tulitafuta pale tulipoambiwa. Tulitafuta hata chini ya majani." Kisha akatoa karatasi, imekunjwa mara nne, imelowa ikakauka. Imeandikwa: "Majeruhi ameachwa kati ya kijito cha pili na cha tatu, upande wa kaskazini wa daraja la magogo." Chini yake saini na cheo.

Hakuhitaji kuniambia ni mwandiko wa nani. Herufi zako zinasimama kama gwaride tangu ukiwa na miaka sita.

Askari anasema kijito cha pili hakina daraja. Hakijawahi kuwa na daraja tangu aajiriwe. Anasema alipopatikana mume wangu ilikuwa chini ya kijito cha saba, mwendo wa nusu siku kutoka pale kwa mtu mwenye miguu miwili. Palepale kwenye udongo mwekundu. Sanduku pembeni, mwavuli umefunguliwa. Alikuwa amekata tawi kwa mkasi, akalitundika koti lake jeupe juu. "Lilionekana mbali, mama," alisema, "ila sisi tulikuwa ng'ambo."

Hakuhama. Hakusogea hata hatua moja. Alikaa alipoachwa kama mtoto mtiifu. Na daktari kaandika kwamba alikufa siku ya nne tangu aanguke. Ya nne. Mlianza kumtafuta siku ya pili.

Askari alisema jambo moja zaidi, tena kwa kulivuta, kama mtu anayetoa mwiba. "Nilimuuliza mara mbili, yule kijana." Sikumwambia kijana ni wangu. Nilimpa chai nyingine.

Basi nami nakuuliza mara ya tatu. Kwa nini uliwapeleka kule?

Dada yako.


Kituoni, 20 Julai

Dada mpendwa,

Barua yako imefika salama. Nafurahi kusikia Kasuku ni mzima na kwamba duka limefunguliwa. Hapa tuna mkaguzi kutoka makao makuu, yupo kituoni wiki nzima, na mafaili yote yanatakiwa yawe na namba mpya, kwa hiyo nakuomba radhi kwa ufupi. Maswali yako ni ya msingi na yanahitaji kujibiwa kwa kirefu. Nitafanya hivyo nafasi itakapopatikana.

Wako mtiifu.


Nyumbani, 5 Agosti

Kikao ni tarehe 28. Kasuku ameshaambiwa afunge nguo zake, ajaribu kama zitaenea kwenye begi. Amefunga, amefungua, anauliza ni safari ya siku ngapi.

Hizo namba mpya zitakusubiri.


Kituoni, 24 Agosti

Dada,

Sitauliza habari za nyumbani kwa sababu nikianza kuuliza nitaishia hapo. Gari la mbao la tarehe 10 liliondoka barua hii ikiwa mfukoni mwangu. Nilisimama kwenye baraza nikaliangalia mpaka lilipokata kona. Leo linaondoka saa sita, na nimeshamkabidhi dereva bahasha tupu yenye anwani yako ili nishindwe kurudi nyuma.

Makao makuu kuna utaratibu ambao haujaandikwa popote. Kila mwaka vituo vyote hutakiwa kuleta taarifa za njia zao: ipi inapitika, ipi imekufa, madaraja, vijito. Nusu ya vituo havileti. Na rejesta haiwezi kuwa na mstari mtupu, mkubwa hataitia muhuri. Siku yangu ya kwanza, karani mkuu alinikalisha akanifundisha: mstari usioletewa taarifa, unauamsha. Ndivyo tunavyosema, "kuamsha mstari". Unachukua maneno ya mwaka uliopita, unayanakili kwa mwandiko mzuri, unaandika tarehe mpya, unatia saini kwenye safu ya "nimehakiki". Karani aliyekuwepo kabla yangu aliuamsha, na aliyekuwepo kabla yake. Mimi niliuamsha ule mstari mara tatu. Vijito vitatu, daraja la magogo kwenye cha pili, inapitika, saa tatu. Nina mistari arobaini na mmoja ya namna hiyo.

Utasema nilijua kwamba ni uongo. Dada, hilo ndilo nisiloweza kumweleza mtu. Pale kwenye basi sikujua. Nilikuwa nimeuandika vizuri mara tatu, nikauamini. Niliiona ile njia akilini, na daraja lake, kana kwamba nimewahi kulivuka. Shemeji aliponiuliza kuhusu aliyehakiki, aliyehakiki nilikuwa mimi. Nilicheka pamoja na watu.

Msituni nilihesabu. Bila shaka nilihesabu. Cha pili hakikuwa na daraja, nikasema limeoza. Tulipofika cha nne nikamwambia ni mkono wa cha tatu. Cha tano nikasema ni maji ya mvua tu, hayahesabiki. Shemeji alisimama katikati ya maji na sanduku kichwani akasema, "Bwana mdogo, rejesta yako imeishiwa vijito." Aliangukia ukingoni mwa cha saba. Najua ni cha saba. Najua pia kulikuwa na mti mweupe umeegemea mwamba, na mwamba una ufa, na harufu kama ya mkate uliochacha. Ningeweza kumchorea yule askari mahali pale nikiwa nimefumba macho.

Jumatatu nilipofika kituoni, walinipa maji na kiti. Askari aliniuliza, "Umemwacha wapi?" Nikafungua mdomo kusema cha saba. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni, ameshika nakala yangu ya rejesta, kwa sababu niliitoa pamoja na barua ya uhamisho. Akasema, "Huku kwetu tunavyo vijito saba, nyie mmeandika vitatu. Nani makao makuu alihakiki hii?" Alikuwa anatania, nadhani. Saini yangu iko chini ya vidole vyake. Nikaona kwamba nikisema cha saba, swali linalofuata ni hilo, na nyuma ya hilo kuna mengine arobaini, na mwisho wake ni mahakamani. Nikasema: kati ya kijito cha pili na cha tatu. Wakanipa karatasi niandike. Nikaandika kwa mwandiko mzuri.

Nilijiambia kwamba watapita hapo, hawatamkuta, wataendelea mbele, watamfikia. Nilijiambia hivyo mpaka jioni ya Jumanne. Jioni hiyo askari alirudi amelowa, akaja kitandani kwangu zahanati. Akasema, "Kijana, pale hakuna mtu. Wacha karatasi. Niambie macho yako yaliona nini." Hakuwa na haraka. Alikaa kwenye ndoo, akangoja. Dada, nilikuwa na mti, nilikuwa na mwamba, nilikuwa na udongo mwekundu, vyote mdomoni. Mkuu wa kituo hakuwepo. Hakukuwa na mtu. Nikasema, "Ni kama nilivyoandika." Kwa sababu nilikuwa nimeshaandika.

Siku hiyo ilikuwa ya tatu. Alikuwa hai.

Sikuwa na homa siku ya mazishi.

Ile taarifa, ile sentensi ya kuhama, mimi ndiye niliyeipiga chapa. Mkuu wa kituo aliandika "huenda". Neno hilo sikulipiga.

Sasa umejua. Nakuomba ukishasoma uichome. Wakiipata si kufukuzwa tu, ni kifungo. Kwenye kikao sema kwa mdomo wako kwamba hakuhama, kwamba mimi nilikosea mahali kwa kuchanganyikiwa. Watakuelewa, mtu akitoka msituni anaweza kuchanganyikiwa. Nakuomba, Dada. Sina mtu mwingine.

Mimi.


Nyumbani, 11 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika tarehe 31. Kikao kilikaa tarehe 28, kama nilivyokuandikia. Nilisimama pale mikono mitupu, nikasema hakuhama. Kaka yake akauliza, "Imeandikwa wapi?" Kasuku aliondoka nao jioni ileile. Nguo zilienea kwenye begi. Bibi yake pia amekwenda, kwa hiyo kiti kiko wazi, na nyumba imekuwa kimya kiasi kwamba nasikia bomba la jirani.

Sikuichoma. Yule askari alipita tarehe 2 kuniaga, akielekea kwenye kamati, nikampa. Alisoma amesimama, akigusa kila neno kwa kidole. Nilidhani atakutukana. Alivaa kofia, akaivua tena, akaniuliza, "Ni ndugu yako?" Nikasema nimemlea mwenyewe. Akasema, "Pole, mama." Kamati imemrudisha kazini. Kwa hiyo barua yako imemfaa mtu, na mtu huyo anastahili.

Kabla sijampa niliinakili yote, neno kwa neno, nikaipeleka kwa wakwe. Nilisafiri nayo nikifurahi, sikufichi. Nilisema moyoni sasa watanirudishia mtoto, na watanirudishia jina langu na la mume wangu. Niliwasomea sebuleni. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho bila chozi. Kisha akauliza, "Huyu aliyeandika ni nani wako?" Nikamwambia. Akasema, "Na nani alimwambia mwanangu amsindikize?"

Hilo hukuwahi kuniuliza, nami sikukwambia. Hakutaka kuja. Goti lilikuwa likimsumbua tangu Krismasi. Alisema, "Mke wangu, mtu mzima anajua kupanda basi." Nikamwambia, "Huyo si mtu mzima, huyo ni karani." Akacheka, akatia mkasi mfukoni. Hilo ni langu, silimwagii mtu.

Basi sasa wamenielewa vizuri. Zamani walisema nilimfukuza. Sasa wanasema nilimtuma, na damu yangu ikamwacha, na damu hiyohiyo haitalea mtoto wao. Kasuku alikuwa uani anaruka kamba. Walimwita anisalimie. Ana jino jipya, moja. Amejifunza kukaa kimya watu wazima wakizungumza.

Makao makuu watakuja kukuuliza wakati wowote. Mimi sikuulizi tena. Ukifungwa nitakuletea sabuni na blanketi, maana ni dada yako mimi, na hilo hakuna kamati ya kulifuta. Lakini usije nyumbani kwangu kabla hujapita kwao. Nenda ukakae kwenye ile sebule, umwambie mama yake kwa mdomo wako ule mti ulivyokuwa, na mwamba, na koti. Mwambie mbele ya mtoto. Basi linaondoka stendi saa moja na nusu, linawashusha watu mlangoni kwao. Ni lami mpaka mwisho.

Dada yako.